Peptidi: tiba, biashara na joto la bohari

Peptidi zimetoka maabara zikaingia saluni, ukumbi wa mazoezi na vikundi vya WhatsApp. Muuza krimu anaapa kuwa zimo kwenye kopo lake. Kocha wa mazoezi anauza kichupa cha unga mweupe kwa ajili ya goti linalouma. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anaulizia bei ya Ozempic, wakati jirani yake anayejidunga insulini kila asubuhi hajui kwamba naye ni mteja wa familia hiyohiyo ya dawa. Mjadala umekuwa wa imani: huyu anasema peptidi ni muujiza, yule anasema ni utapeli, na kila mmoja ana mfano wa kumtosha.

Wote wawili wanabishania kitu ambacho hakipo. Hakuna dawa moja ya peptidi ya kuitetea au kuipinga. Zipo molekuli chungu nzima zenye umbo la aina moja, zilizopitia njia tofauti kabisa kumfikia mtumiaji. Njia hizo ndizo za kuchunguzwa: kipi kimejaribiwa kwa watu, kipi kimetengenezwa kwa usafi, kipi kinaweza kusafiri kutoka kiwandani hadi zahanati bila kuharibika, na nani aliyelipia yote hayo.

Mnyororo mfupi, maisha mafupi

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vipande vilevile vinavyojenga protini. Mpaka kati ya peptidi na protini si mkali. Wengi huuweka karibu na asidi amino 50. Oksitosini, homoni inayobana mji wa mimba wakati wa kujifungua, ina 9 tu. Semaglutaidi, kiini cha Ozempic, ina 31. Insulini ina 51 katika minyororo miwili iliyofungamanishwa.

Mwili huzitumia peptidi kupelekeana ujumbe. Kiungo kimoja huitoa, nayo husafiri kwenye damu, hukutana na kipokezi chake, hufanya kazi, kisha vimeng'enya huikatakata. Kwa dawa, tabia hii ni baraka na balaa kwa pamoja. Peptidi hulenga mahali pake kwa usahihi ambao vidonge vingi havina, na mabaki yake kwa kawaida ni asidi amino ambazo mwili unazifahamu. Lakini haikawii kuisha. Homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, inayochochea kongosho kutoa insulini baada ya mlo, huishi kwenye damu kwa dakika 2 hivi. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage.

Fani ya dawa za peptidi kwa hiyo imekuwa ikipambana na mambo matatu kwa zaidi ya karne: jinsi ya kuitengeneza peptidi, jinsi ya kuifanya idumu mwilini, na jinsi ya kuifanya idumu ndani ya kichupa. Mawili ya kwanza yamemiminiwa fedha. La tatu limepata makombo, na ndilo linaloigusa zahanati ya Tandahimba au Turkana kuliko mengine yote.

Kutoka kongosho la ng'ombe hadi hamira

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 ikamwokoa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Wagunduzi waliuza haki yao ya hataza kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka dawa iwafikie watu. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata dunia ilipata insulini kwa kukamua kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni.

Kutengeneza peptidi kwa mikono ya mkemia kulikuwa kazi ya kuchosha. Vincent du Vigneaud alipofanikiwa kuunda oksitosini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye, kwa mnyororo wa asidi amino 9. Kila hatua ilidai kusafisha, kupima na kuanza upya. Bruce Merrifield wa New York alikata mzizi wa tatizo mwaka 1963: badala ya kuacha mnyororo uelee kwenye kimiminika, aliufunga ncha moja kwenye chembe ndogo za plastiki, kama mtunga shanga anayefunga fundo mwishoni mwa uzi. Ukiongeza asidi amino moja, unaosha uchafu wote bila kupoteza mnyororo, kisha unaongeza nyingine. Leo mashine hufanya kazi hiyo usiku kucha.

Ila hapa kuna hesabu ambayo wauza vichupa hawaitaji. Tuseme kila hatua inafanikiwa kwa asilimia 99. Baada ya hatua 30, minyororo iliyo kamili ni asilimia 74 hivi. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 95, iliyo kamili ni asilimia 21 tu. Iliyobaki ni minyororo iliyoruka kiungo kimoja au viwili, inayofanana sana na ile sahihi. Kuitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama, na ndiyo inayotofautisha kiwanda kinachokaguliwa na chumba cha nyuma chenye mashine ya bei nafuu. Kwa macho, unga ni uleule mweupe.

Njia hiyo pia ni chafu kimazingira. Kutengeneza kilo 1 ya peptidi kwa mtindo wa Merrifield hula kwa wastani takribani kilo 13,000 za malighafi, sehemu kubwa ikiwa vimiminika vya kuyeyushia na kuoshea. Viwanda vikubwa kwa sababu hiyo hupenda kuachia viumbe hai sehemu ya kazi. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani waliwezesha bakteria kutoa insulini ya binadamu, ikaidhinishwa 1982. Mnyororo wa semaglutaidi nao huanzia kwenye hamira, kisha wakemia huumalizia.

Dakika 2 zilivyogeuka siku 7

Mafanikio yanayozungumzwa leo yanatokana na uzi mmoja mrefu. Svetlana Mojsov alijifunza utengenezaji wa peptidi katika maabara ya Merrifield, kisha akauhamishia ujuzi huo Boston, ambako Joel Habener na wenzake walikuwa wamesoma jeni inayobeba GLP-1. Mwaka 1987 walionyesha kwamba kipande mahususi cha homoni hiyo huifanya kongosho ya panya itoe insulini. Ilikuwa habari njema isiyo na matumizi, kwa sababu ya zile dakika 2.

Msaada ulitoka pasipotarajiwa. Mwaka 1992 John Eng alieleza peptidi kutoka kwenye sumu ya mjusi wa jangwani wa Marekani na Mexico, inayofanana na GLP-1 kwa karibu nusu ya asidi amino zake lakini isiyokatwa upesi. Dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa 2005, sindano mbili kwa siku. Wakati huohuo Lotte Bjerre Knudsen na timu yake nchini Denmark walishika njia nyingine: kuigundisha homoni ya binadamu kwenye asidi ya mafuta ili ijishikize kwenye albumini, protini inayozunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwanza ikaja liraglutaidi, sindano ya kila siku. Semaglutaidi ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2017: asidi amino moja imebadilishwa mahali pale kimeng'enya kinapokata, na mkia wa mafuta umerefushwa. Sasa nusu yake hubaki mwilini kwa takribani siku 7, hivyo sindano moja kwa wiki inatosha.

Madai ya zama mpya

Wanaosema zama mpya za tiba zimefika wana ushahidi mzito. Katika jaribio lililochapishwa 2021, watu 1,961 wenye unene uliopitiliza au uzito uliozidi walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa semaglutaidi walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito, wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Mwaka 2023 jaribio la watu 17,604 wenye maradhi ya moyo lilionyesha kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya figo kwa wagonjwa wa kisukari, nako kukaonekana nafuu ya asilimia 24. Dawa nyingine, Mounjaro, yenye asidi amino 39 na inayogusa vipokezi viwili kwa mpigo, imepunguza uzito zaidi ya hapo.

Udhaifu wa kambi hii ni kuhesabu mavuno bila kuhesabu masharti. Watu walioacha semaglutaidi baada ya jaribio lile la kwanza walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Maana yake dawa hii ni ya muda mrefu kama ya shinikizo la damu, na anayeinunua kwa ajili ya harusi ya Desemba ameielewa vibaya. Kichefuchefu na kutapika ni vya kawaida. Mawe kwenye kifuko cha nyongo na uvimbe wa kongosho hutokea kwa wachache. Misuli nayo hupungua pamoja na mafuta, jambo la kuangaliwa kwa mzee ambaye miguu yake tayari ni dhaifu.

Hata ushindi wa kuifanya peptidi kidonge una gharama yake. Kidonge cha semaglutaidi kilichoidhinishwa 2019 hutumia kemikali inayoilinda tumboni na kuipenyeza kwenye ukuta wake, lakini kinachofika kwenye damu ni asilimia 1 au chini ya hapo. Anayetumia kidonge cha miligramu 14 kila siku humeza miligramu 98 kwa wiki ili kupata manufaa yanayokaribiana na ya sindano ya miligramu 0.5. Inabidi kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji yasiyofika nusu kikombe, kisha mtu asubiri nusu saa kabla ya chai. Dawa ambayo kwa miaka kadhaa kiwanda hakikuweza kuizalisha ya kutosha imetumiwa hivyo kwa sababu soko tajiri halipendi sindano.

Tena, zama hizi mpya zimechagua pa kufika. Ngozi za vyura, utumbo wa wadudu na bakteria wa udongoni wamejaa peptidi zinazoua vijidudu. Michael Zasloff alipata mojawapo kwa chura wa Afrika mwaka 1987. Dawa iliyotokana nayo ilikataliwa Marekani 1999 na haikufika sokoni. Kolistini, peptidi ya miaka ya 1940 inayojulikana kwa kuumiza figo, bado ni kimbilio la mwisho kwa maambukizi sugu ya hospitalini, na jeni inayoishinda ilitangazwa nchini China 2015 baada ya miaka mingi ya kuitumia kwenye mifugo. Sayansi haikukosekana hapa. Antibiotiki mpya hutumiwa kwa siku chache na kufungiwa kabatini kwa tahadhari, na kampuni haijengi kiwanda kwa mauzo ya aina hiyo. Sindano ya kila wiki kwa maisha yote ni biashara nyingine kabisa.

Madai ya utapeli

Kambi ya pili inaona ulaghai kila mahali, na mara nyingi ina haki. Chukua BPC-157, mnyororo wa asidi amino 15 unaosifiwa kuponya kano, misuli na tumbo. Sehemu kubwa ya tafiti zake ni za panya, na nyingi zimetoka kwa kundi moja la watafiti wa Zagreb, Kroatia. Tafiti zilizochapishwa kwa binadamu ni chache na ndogo mno. Kwa panya huchochea mishipa mipya ya damu, jambo linalosikika vizuri hadi ukumbuke kwamba uvimbe wa saratani nao huitegemea mishipa hiyo. Shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni liliipiga marufuku kuanzia 2022. Vichupa vyake huuzwa na maandishi kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa binadamu. Ni maneno ya kumkinga muuzaji, na mnunuzi anayasoma huku akivuta sindano.

Krimu zinahitaji maelezo mafupi zaidi. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu visipite, na molekuli kubwa hazipenyi kwa urahisi. Unga wa kolajeni nao humeng'enywa kabla ya kufika kwenye damu. Baadhi ya tafiti zinaonyesha nafuu ndogo ya ngozi. Bei ni kubwa kuliko nafuu hiyo.

Jambo zito zaidi ni bidhaa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye maabara za kutosha ziliingiliwa, anayenunua kalamu ya sindano kupitia mtandao wa kijamii Mombasa au Kigali, nje ya usajili wa mamlaka za dawa, hana hata pa kulalamikia. Na ikiwa kilichomo ni insulini, anayeidunga bila kuwa na kisukari anaweza kupoteza fahamu ndani ya saa chache.

Kosa la kambi hii ni kuchoma ghala ili kuua panya. Lawama ile ile dhidi ya vichupa vya mtaani hugeuzwa dhidi ya insulini, na mgonjwa wa kisukari anaambiwa aache kemikali arudi kwenye mizizi. Hakuna mzizi unaochukua nafasi ya insulini kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza.

Madai ya bei

Kambi ya tatu haipigi kelele sana mitandaoni lakini hoja yake ina uzito. Watafiti waliochapisha mwaka 2024 walikadiria kwamba semaglutaidi ingeweza kuuzwa kwa faida kati ya dola 0.89 na 4.73 kwa mwezi. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa karibu dola 1,000. Hataza kuu katika nchi kama India, China na Brazil ukomo wake ni mwaka 2026, na viwanda vya huko vilikuwa vikijiandaa mapema. Septemba 2025 WHO iliingiza semaglutaidi na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza. Mpangilio huo una busara: umeanza na wanaoweza kufa.

Hata hivyo kambi hii huamini kupita kiasi kwamba bei ikishuka dawa itafika. Insulini, ambayo wagunduzi wake waliitoa kwa dola 1, bado haiwafikii watu wengi karne moja baadaye. Sababu ziko njiani: kipimo cha sukari hakuna, vijiti vya kupimia ni ghali, muuguzi mmoja anahudumia foleni nzima, umeme umekatika.

Joto

Kwa wahudumu wa uzazi, peptidi yenye uzito kuliko zote ni oksitosini. Kila mama anayejifungua hupaswa kupewa uniti 10 kuzuia damu kumtoka kupita kiasi, na kutokwa damu huko ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi katika nchi zetu. Oksitosini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikisahauliwa kwenye boksi kituoni, ikapigwa na joto la wiki kadhaa, mnyororo wake huvunjika taratibu. Kimiminika hubaki kisafi kama maji. Mkunga anadunga, mji wa mimba haubani, anadunga tena, na hakuna anayeshuku dawa.

Jibu mojawapo ni kabetosini, oksitosini iliyobadilishwa na wakemia ili idumu zaidi mwilini, kisha ikatengenezewa mchanganyiko unaoiwezesha kukaa miaka 3 kwenye nyuzi 30 bila jokofu. Mwaka 2018 jaribio la wanawake 29,645 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, liliilinganisha na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Waliopoteza nusu lita ya damu au zaidi, au waliohitaji dawa ya ziada, walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na 14.4 kwa oksitosini. Kwa kipimo cha lita 1 au zaidi, matukio yalikuwa machache mno kuthibitisha usawa rasmi, ingawa tarakimu zilikaribiana. Kampuni inayoitengeneza ilikubali kuiuzia sekta ya umma ya nchi maskini kwa karibu dola 0.31 kwa dozi.

Nayo si suluhisho kamili. WHO iliipendekeza kwa kuzuia damu, si kwa kuanzisha uchungu. Kwa kuwa hudumu, ikitumiwa kimakosa kabla mtoto hajatoka inaweza kuubana mji wa mimba kwa namna ya hatari. Oksitosini kwa hiyo haiwezi kuondolewa wodini, na jokofu nalo haliwezi. Kinachoudhi ni kwamba jokofu mara nyingi lipo, la chanjo, na nafasi ya kuweka kasha la oksitosini ipo. WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yamekwisha kusema ziwekwe pamoja. Kikwazo ni kwamba chanjo ni za idara moja na uzazi ni wa nyingine.

Insulini pia imepimwa upya. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua viwango vya joto vya kambi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaviiga maabara: nyuzi 25 hadi 37, kupanda na kushuka kila siku kwa wiki 4. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa insulini ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa jokofuni. Mgonjwa asiye na friji anaweza basi kukabidhiwa dawa ya mwezi akaitunze nyumbani, badala ya kutembea hadi hospitali kila siku kuchomwa. Hakuna molekuli mpya iliyobuniwa. Kilichofanyika ni kuuliza swali ambalo wenye majokofu hawakuwahi kulihitaji.

Mizani

Kwa ushahidi wa watu, sindano za GLP-1 zimeshinda na anayezikejeli kama fasheni hajasoma majaribio. Kwa usafi, vichupa vya mazoezi vimeshindwa hata kabla ya kuuliza kama vinafanya kazi, na mamlaka za dawa hazina sababu ya kuvisubiri. Kwa bei, semaglutaidi ya viwanda vya Asia itafika, na shinikizo la kuinunua litatoka kwa wenye sauti mijini.

Kwenye bajeti ndogo ya dawa hilo ndilo la kuogopa. Mgonjwa wa kisukari mwenye figo zinazodhoofika anaistahili na anapaswa kupewa, tena kwa fedha za umma. Lakini semaglutaidi ni dawa ya maisha yote kwa kila anayeianza, nayo pia hutunzwa kwenye baridi kabla ya kufunguliwa, katika jokofu lilelile ambamo oksitosini haijapata nafasi. Anayepanga manunuzi aanze na kabetosini, vijiti vya kupimia sukari na insulini ya kutosha mwezi mzima kwa kila anayeihitaji, kisha asaini mkataba wa sindano za wiki kwa orodha ya wagonjwa ambayo WHO imekwisha kuiandika. Kasha la oksitosini kwenye jokofu la chanjo halihitaji mkataba wowote. Linahitaji barua moja kutoka wizarani.